Faili la Juu

Hospitalini walimwita Mzee Faili, na jina hilo hakulipata bure. Miaka ishirini na tisa alikaa kwenye dirisha la mapokezi, rundo la mafaili mbele yake, na kila asubuhi hakukosa watu wake: jirani, shemeji, mwalimu aliyewafundisha wanawe. Alikuwa akiwauliza habari za nyumbani huku mkono ukichomoa faili lao chini na kuliweka juu. Hakudai chochote. Alijiona mtu mwema, na aliyekaa benchini bila kujuana na mtu alijiona hana bahati tu. Ndivyo tulivyoishi, tusidanganyane.

Kisha mambo yakabadilishwa. Kila raia akapewa kadi, wagonjwa wakaanza kuitwa kwa namba, lile dirisha likazibwa kwa matofali, na Mzee Faili akastaafu.

Leo alimleta mkewe, kifua kimembana tangu alfajiri. Kwa mazoea akaenda kugonga mlango wa nyuma. Nesi aliyefungua alikuwa binti wa umri wa wajukuu zake.

"Shikamoo, babu. Namba zinatolewa kule mbele."

Akapata hamsini na tatu. Aliyekuwa ndani kwa daktari ni namba kumi na saba. Mkewe alivuta pumzi kwa mabega, na mzee akaingiwa na hofu ya kweli. Akaangaza macho benchini kutafuta sura anayoijua. Aliiona moja tu, ya mwanamke mwenye namba kumi na nane, naye alikuwa akimtazama.

"Unanikumbuka?"

"Sura si ngeni, mwanangu."

"Siku niliyomleta mama yangu hapa, faili lake lilikuwa la juu. Ukaweka matatu juu yake. Nilikuwa nahesabu. Zamu yake haikumkuta hai."

 Aibu ilimwenea mzee mwili mzima, na mkewe pale ubavuni alikuwa ameanza kukoroma kwa kukosa hewa. Mwanamke akamwangalia yule mgonjwa, akasimama.

"Nesi! Huyu mama hawezi kupumua, aingie sasa hivi!"

"Aingie, aingie!" benchi zima likaitikia. Kitanda cha magurudumu kikaja mbio, kikampeleka ndani.

Mzee Faili akamshika yule mwanamke mkono, machozi yakimlengalenga.

"Ahsante, mwanangu. Hisani hii sitaisahau."

Mwanamke akautoa mkono wake taratibu.

"Hisani ndiyo iliyomuua mama yangu, mzee. Mkeo ameingia kwa haki yake."