Plasta ya Mzee Timazi

Kioo cha tatu kilikuwa kimekatika. Mhandisi alikitazama akiwa juu ya ngazi, akajisemea neno ambalo Mama Nyamaza hawezi kulivumilia ndani ya maktaba yake, kisha akageuka haraka kuona kama amesikika. Alikuwa amesikika. Mkutubi alisimama pale chini, miwani imemshuka puani, anamwangalia vilevile alivyomwangalia miaka thelathini na mitatu iliyopita, siku alipomfuma anatafuna karanga nyuma ya rafu ya atlasi.

"Samahani, mama," mhandisi akasema.

"Hujabadilika hata kidogo," mkutubi akanong'ona. Mji mzima ulimwita Mama Nyamaza, hata marehemu mumewe alimwita hivyo, na kunong'ona kulishamkaa kooni kiasi kwamba sokoni alinunua nyanya kwa kunong'ona.

Vile vioo ni ujanja wa zamani. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakigandisha juu ya ufa, ncha moja upande huu na ncha nyingine upande ule, unaandika tarehe, unakwenda zako. Kioo hakijui kuvutika. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa unywele, kinakatika. Mhandisi alibandika vinne wiki sita nyuma. Sasa vitatu vimekwenda, vyote kwenye ukuta wa magharibi, juu kabisa, pale boriti za mbao zinapoingia ukutani kubeba sakafu ya ghorofa. Kwa maneno mengine, ukuta ulikuwa unatembea, na vitabu elfu kumi na moja vilikuwa vimekaa juu yake vinasubiri.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Mkuu wa idara alitaka ripoti mezani kwake Ijumaa saa sita, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Ukuta unatembea na hujui kwa nini, bandika karatasi nyekundu mlangoni," alisema. Karatasi nyekundu ikishabandikwa, watu wanatoka, na mwezi unaofuata tingatinga linaingia. Maegesho ya magari yalishachorwa. Mchoro mzuri kweli, una hadi miti.

Sasa nikueleze maktaba ile ilikuwa nini kwa mhandisi huyu, binti wa palepale mjini. Baba yake alikuwa fundi mwashi wa manispaa, na mama alifariki mapema, kwa hiyo kila akitoka shule aliachwa pale chini ya ngazi ya mbao mpaka kazi iishe. Alisoma vitabu vya rika lake, akavimaliza, akasoma vya wakubwa. Alijua kuwa kipandio cha saba cha ile ngazi kinalia, ukikiruka Mama Nyamaza hakusikii. Alizijua kuta kwa ubaridi wake mgongoni saa za mchana. Na juu ya yote alikumbuka harufu: karatasi za zamani, nta ya sakafuni, na kitu kingine cha chini chini, cha unyevunyevu, kama chumba kilichofunguliwa baada ya mvua. Ile harufu aliipenda kupita kiasi. Alipokuwa chuoni mbali na kwao, alikuwa akiingia stoo za watu kuitafuta. Masikini, hakujua anachokinusa.

Alishuka kwenye ngazi, akatoa nyundo ndogo. "Ukuta usiuangalie, utakudanganya," baba yake alimfundisha zamani. "Ugonge." Akagonga. Badala ya kujibu kwa sauti nzito, ya kushiba, ukuta ulijibu kama debe tupu. Akasogea hatua mbili, debe. Nyuma ya rafu ya atlasi, mahali pasipoonekana, akabandua kipande kidogo cha plasta. Juu palikuwa na saruji, nene vidole viwili, ngumu kama chuma. Nyuma yake palikuwa na chokaa ya zamani, imelowa, inamong'onyoka vidoleni kama unga ulioingia maji. Akapanda tena, akachomeka bisibisi kwenye ncha ya boriti. Ikazama hadi mpini.

Basi akawa amejua. Ukuta wa chokaa unapumua. Mvua ikinyesha unakunywa, jua likiwaka unatoa. Huu ulivishwa koti lisilopitisha hewa, ukawa unakunywa bila kutoa, mwaka baada ya mwaka, ndani kwa ndani, mpaka boriti zikaoza kichwani. Na hakuhitaji kuuliza ni nani aliyeuvisha. Kwenye kona ya mlango, usawa wa kifua, palikuwa na alama iliyochorwa kwa msumari wakati saruji ikiwa mbichi: kamba fupi na kitufe chini yake, kipimo cha mafundi cha kunyooshea ukuta. Timazi.

Mzee Timazi alikuwa baba yake. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kusimamisha ukuta uliopinda, na aliwaambia watu hivyo bila kuulizwa. Lakini katika kazi zake zote, plasta ya maktaba ndiyo aliyoringia. Wageni wakija nyumbani aliwapeleka kuipapasa. "Nzi akitua hapa anateleza," alikuwa akisema. Iliisha mwaka aliozaliwa binti yake, na kila siku ya kuzaliwa utani ulikuwa mmoja: "Wewe na ukuta wangu ni rika moja, na ukuta haujanisumbua hata siku moja."

Habari njema ilikuwepo. Ukuta ulikuwa mgonjwa, lakini haukuwa umekufa. Weka nguzo za muda chini ya boriti, bandua saruji yote, kata ncha zilizooza na uunge mbao mpya, rudisha chokaa. Maktaba ingesimama tena miaka mia. Ila fomu ya ripoti ilikuwa na mstari umeandikwa "Chanzo cha uharibifu," na alasiri ile mezani kwake mhandisi aliukodolea macho mpaka chai ikapoa. Akaandika: unyevu. Hakusema uongo. Akalitazama neno lile, akaona aibu, akafuta. Akiandika unyevu peke yake, mkandarasi atakuja na ndoo zake, ataziba nyufa kwa saruji ileile, na baada ya miaka kumi ukuta utawaangukia watoto wa watu chini ya ngazi. Akaiacha nafasi wazi, akaenda nyumbani.

Mzee alikuwa anamsubiri sebuleni, chini ya picha ya siku ya ufunguzi, yeye kijana kajifunga tai iliyompinda, mkono umeegemea ukuta mpya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vioo vimesema nini?"

"Vitatu vimekatika."

Mzee akavuta birika la chai. "Ni ile mifereji ya paa," akasema. "Nilipiga kelele kuhusu mifereji mpaka wakanistaafisha. Kesho nakwenda na wewe."

"Baba, magoti yako."

"Magoti yangu yatabaki na mimi, usijali." Akamimina chai vikombe viwili, akaanza kumsimulia upya jinsi walivyokamilisha ukuta ule kwa siku kumi na tisa, na binti akasikiliza, akanywa, akameza maneno yake pamoja na chai. Alijidharau jioni ile kuliko alivyowahi kujidharau.

Alhamisi asubuhi mzee alitoka amevaa koti la sherehe. Lilining'inia upande mmoja kwa uzito wa nyundo iliyokuwa mfukoni.

"Bado unatembea na nyundo," Mama Nyamaza alimnong'oneza mlangoni. "Wenzako wanatembea na dawa za presha."

"Za presha ziko mfuko wa pili. Na wewe bado hujapata sauti?"

Akampita akicheka, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wake. Akaupapasa kwa kiganja chote, taratibu, macho yamefumba nusu, na binti alipouona uso ule alitamani ardhi impasukie. Kisha mzee akatoa nyundo. Si kwa kupima, ilikuwa mazoea tu, kama mtu anavyompiga rafiki begani. Akagonga.

Akasimama. Akagonga tena, juu kidogo. Akasogea. Akagonga chini, akagonga pembeni, akaenda hivyo hadi mwisho wa ukuta, halafu akarudi hadi mlangoni akigonga, na kote ukuta ukimjibu neno moja: debe tupu. Wasomaji wawili waliinua vichwa. Mama Nyamaza hakuwaambia kitu.

"Umejua tangu lini?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Jana, baba."

"Jana mchana."

"Ndiyo."

"Na jioni nikakusimulia zile siku kumi na tisa, ukakaa unanitazama."

Mzee akajivuta hadi kwenye kiti cha kusomea, akaketi, nyundo mapajani. Alionekana mdogo ndani ya lile koti.

"Babu yako aliniambia," akasema.

Binti alimkumbuka babu kwa kitu kimoja tu: mkono mkubwa uliokuwa ukimtekenya, usio na kidole cha kati. Kilikatwa na roda ya kupandishia mawe kabla hata baba hajazaliwa. Alijua pia kwamba alikuwa fundi. Zaidi ya hapo nyumbani hawakumzungumzia, na yeye hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Ukuta huu ni wake," mzee akaendelea. "Mawe, chokaa, kila kitu. Mimi nikapewa kazi ya kuupendezesha. Saruji ndiyo ilikuwa mpya, kila mtu anaitaka. Akaja hapa, akasimama pale ulipo, akasema, mwanangu, ukiuziba huu utaozea ndani. Nami nilikuwa na vibarua kumi na wawili wananitazama." Akaigeuza nyundo mapajani. "Nikamwambia mambo ya chokaa ni ya wazee wasiojua kusoma. Ndani ya maktaba. Baba yangu hakujua kusoma."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alikuwa na mwiko mkononi, akaufuta vizuri, akauweka pale dirishani, akatoka. Hakukanyaga hapa tena. Miaka mitatu tumekula sahani moja, tumesalimiana, tumechekeana, ukuta hatukuutaja. Kisha akafa."

Hapo ndipo Mama Nyamaza alipowaendea wale wasomaji wawili, akawaambia maktaba inafungwa kwa nusu saa. Aliwaambia kwa sauti kamili. Ilikuwa sauti nzuri, ya chini, na wao walitoka bila ubishi.

Mzee akasimama. "Nipe tindo."

"Baba, vibarua wataubandua wiki ijayo. Acha."

"Nimeuvisha mwenyewe. Nipe tindo."

Binti akatoa tindo lake la kubandulia plasta, mzee akaliweka juu kabisa ya ile alama yake ya timazi na kupiga kwa nyundo. Mara ya kwanza halikuingia. Alikuwa fundi mzuri mno. Mara ya nne ufa ukatokea, ya sita kipande kikubwa kama mlango wa kabati kikaachia kizimakizima, kikaanguka miguuni pao na kujaza chumba vumbi. Ile harufu ikatoka, ile ya chini ya ngazi, nzito kuliko alivyopata kuinusa, na mhandisi akajikuta anaipenda na kuichukia kwa pamoja.

Vumbi lilipotulia waliona mistari. Mafundi wa chokaa, wakishapaka tabaka la kwanza, hulichora lingali bichi ili la pili lipate pa kushika. Wengine hutumia msumari, wengine ufagio. Aliyefanya kazi hapa alitumia mkono wake. Mistari ilishuka kwa mawimbi mapana, safu baada ya safu, kila safu na mistari mitatu: mmoja, kisha nafasi tupu, kisha miwili iliyokaribiana.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono wake wa kulia, akakunja kidole cha kati, akaviweka vitatu vilivyobaki ndani ya mistari. Viliingia sawasawa. Akavishusha polepole mpaka pale mkono ulipofikia, na chokaa yenye unyevu ikamlowesha ncha za vidole baada ya miaka arobaini na moja. Akalia waziwazi, bila kujificha uso, na binti yake akamshika kiuno asije akaanguka, naye akalia.

Nikuambie mapema usikae roho juu: maktaba haikubomolewa. Mkuu wa idara aliisoma ripoti Ijumaa, akaguna, akaisoma tena, karatasi nyekundu ikarudi kwenye droo yake na mchoro wa maegesho ukakunjwa pamoja na miti yake. Lakini hiyo ni Ijumaa. Alhamisi ile bado fomu ilikuwa na nafasi wazi, na mzee alipokwisha kujifuta uso kwa leso ya Mama Nyamaza, aliketi mezani, akavuta kiti cha pili.

"Toa hiyo karatasi."

Akaitoa.

"Chanzo," mzee akasema. "Andika. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa."

Binti akaandika.

"Weka na jina la fundi."

"Hawaulizi jina, baba."

"Weka."

Akaliandika jina lake lote, lile la kwenye kitambulisho ambalo hakuna aliyelitumia. Mzee akaangalia kalamu hadi herufi ya mwisho, midomo ikifuata.

"Nimemaliza," binti akasema.

"Hujamaliza." Alikuwa ameugeukia ukuta. "Andika na kwamba aliambiwa."