Waya wa Harusi

Mie natotolesha mayai ya watu. Mashine iko sebuleni kwangu, hapa Mbagala. Nusu ya mtaa wananiletea mayai, nami nawarudishia vifaranga. Mara iliyopita umeme ulikatika yakaharibika yote, nikazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi mpaka ulimi ukakauka. Safari hii nilijua kabisa: yakiharibika tena, hakuna atakayenikabidhi hata yai moja. Na kazi nyingine sina.

Jumamosi ile vifaranga vilishaanza kudonoa. Ukitega sikio kwenye mlango wa mashine unavisikia vinalia ndani ya maganda. Nikawa nacheka peke yangu kama chizi.

Sasa, nyumba ya pili, Mama Nusaiba anamwozesha binti yake. Maturubai, majokofu ya kukodi, spika za singeli zimepangwa mpaka barabarani. Umeme wa hayo yote watoe kwenye mita yao ya luku? Thubutu! Twaha, fundi wa mtaa, kapanda nguzo mchana kweupe, kaunga waya moja kwa moja. Ndivyo tulivyo: ikija harusi, nguzo ni ya wote. Na watu wa umeme walishatuambia mkutanoni, transfoma hii iliwekwa mtaa ukiwa na nyumba chache, sasa imezidiwa, mkiendelea kuunga kienyeji italipuka. Tukaitikia "sawa, sawa," tukaenda zetu.

Alasiri taa zikaanza kufifia, feni ya mashine ikawa inazunguka kivivu. Nikajifunga kibwebwe nikaenda.

"Mama Nusaiba, hongera sana. Nakuomba, jirani yangu, angalau majokofu myazime. Transfoma inazidiwa, na mayai yangu yanaanguliwa sasa hivi."

Akanitazama juu mpaka chini, mbele ya wanawake wa sare. "Zuena, harusi ya mwanangu na mayai yako, wapi na wapi? Sema tu roho inakuuma. Si binti yako Najat yupo tu ndani, hata posa hajaletewa?"

Wakaangua kicheko. MC naye, mpumbavu wa kukodiwa, akadakia kwenye kipaza sauti: "Jirani mwenye mayai tumekuona! Wenye roho mbaya wanune!" Vigelegele, sauti ikapandishwa. Nilitamani ardhi inimeze. Nikageuka kurudi kwangu, na sijafika hata mlangoni, pu! Cheche, moshi mweusi juu ya nguzo, mtaa mzima kimya.

Nilifanya yote. Chupa za maji ya moto, mablanketi, jiko la mkaa pembeni. Najat alikuwa anapepea mkaa huku analia. Sauti ndani ya maganda zikapungua, zikapungua, mwisho nikatega sikio nisisikie kitu. Nikavunja yai moja. Kifaranga kimekamilika, manyoya yote, mdomo umegusa ganda.

Nikadhani Mama Nusaiba atakuja kunitaka radhi. Aje wapi! Kesho yake mtaa mzima una neno moja: transfoma imelipuka kwa jicho langu. Nilikuja nikasema, nikageuka, ikalipuka, sasa wanataka ushahidi gani tena? Hata Sesilia, mteja wangu wa siku zote, mtu wa Masasi, alifuata trei zake akasimama nje, akagoma kuingia.

"Dada Zuena, sisemi mie. Watu ndio wanasema."

Nikamtolea trei zake, nikafunga mlango.

Transfoma mpya ilipoletwa, wakasoma dua chini ya nguzo. Dua ni jambo jema, na mie niliitikia amini dirishani kwangu. Lakini dua haijapoa, Twaha huyo juu ya nguzo, anaunga waya uleule. Kuna shughuli nyingine, wakwe wanakuja.

Jioni Mama Nusaiba akapiga hodi, anatabasamu, mkononi sahani ya pilau imefunikwa vizuri.

"Jirani, tusameheane. Jumamosi nina wageni. Nakuomba kitu kimoja tu: siku hiyo usitoke nje, na usiitazame ile nguzo."

Nilitaka kumtupia pilau lake usoni, wallahi. Nikaipokea sahani kwa mikono miwili, nikasema ahsante, maana kuku wake ndio wanaotaga kuliko wote mtaani.