Kikapu cha Mama Marlène

Kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka hakuna mwanamke anayeng'arisha sufuria kunishinda. Ni kweli ninayo moja tu, na ina tundu. Ujuzi huo nilimfundisha mjukuu wangu Douce, anayeniita Koko, yaani bibi: mchanga, majivu, sugua mpaka weusi wote uishe.

Douce alikuwa mtumishi Lilongwe, kwa Mama Marlène, tajiri wa kwetu Bukavu. Mshahara wake njo ulinunua dawa za mama yake, aliyelala kambini akikohoa damu. Siku niliyokwenda kuchukua dawa, nilimkuta Douce analia jikoni. Mbele yake ilikuwa ile mashine ya kukaanga viazi kwa hewa ya moto. Kikapu chake cheusi kilikuwa kimekwaruzwa mpaka kikawa cheupe kama mfupa.

“Nilizania ni masizi, Koko, nikasugua na mchanga. Kumbe ni rangi yake, ile inazuia chakula kushika.”

Mama Marlène akaingia. “We Douce! Si nilisema sabuni na kitambaa laini?”

“Hivyo njo alitumia, Mama,” nikadakia mimi. “Niliona kwa macho yangu. Batoto ba siku hizi banasugua kwa nguvu tu.”

Mama Marlène alipitisha kidole kikapuni. Alitia viazi ndani ya kikapu, vikaiva, akanipa kimoja.

“Kula, Koko. Kama hakuna mchanga, Douce atabaki.”

Nilitafuna polepole, kwa meno yangu matatu.

“Kitamu,” nikasema. “Hakuna hata punje.”

Sote watatu tulisikia mchanga ukisagika kinywani mwangu.