Enduru ya Penina

Penina alimfunga Kemilembe mgongoni kwa kanga mbili, akakaza fundo mpaka vidole vikamuuma. Mtoto alikuwa na miaka kumi. Miguu yake ilining'inia mpaka karibu na magoti ya mama. Kifua kilikuwa kinakoroma. Kichomi hicho, siku ya tatu sasa, na hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya rweya, ile mbuga ya majani matupu isiyo na nyumba wala mgomba.

Mwinjilisti Buberwa, mzee wa mvi, alisimama uani na machela begani.

"Mama Kemilembe, wanaume wanne wako tayari. Tumbebe."

"Wakawabebe mama zao."

"Mwanangu, mtegemee Mungu."

"Nilimtegemea!" Penina aligeuka kwa nguvu hata mtoto akaguna. "Mume wangu Mushumbusi alipopelekwa vitani Burma sikukosa kanisani Jumapili hata moja. Nikaletewa nini? Karatasi ya kifo chake! Nanyi mkaja na midomo yenu: Mungu hakosei, Mungu hakosei. Niliwaambia siku ile na leo narudia: huyo Mungu wenu akae kwenu. Mimi nina mikono."

Na kweli alikuwa nayo. Miaka mitatu alitandaza majani kibanjani, chini ya migomba yake, peke yake, akabeba samadi peke yake. Paa lilipovuja alipanda mwenyewe, mwanamke juu ya paa, wazee wakageuza nyuso kwa aibu. Datius, jirani yake, alipokuja kumsaidia, alimwagiwa maji ya kuoshea vyungu.

Akaondoka bila kuaga.

Katikati ya rweya mvua ikamkuta. Njia ikawa utelezi mtupu. Kwenye mteremko wa pili mguu ulikwenda upande wake na goti upande wake, akaanguka kifudifudi ili asimlalie mtoto. Alijaribu kuinuka. Goti likakataa. Akajaribu tena, akajaribu kutambaa, kucha zikajaa udongo. Mgongoni Kemilembe alivuta pumzi fupi fupi, kama mtu anayekunywa uji wa moto.

"Haya, furahi!" Penina akapaza sauti juu, mvua ikimwingia kinywani. "Umempata baba, sasa unamtaka na binti? Mikono uliyoniachia ndiyo hii, na goti umelichukua!"

Mvua ikazidi.

Wahaya wana enduru, ukelele wa mtu aliyefikwa na janga. Haupigwi ovyo. Anayeupiga amekiri kwamba ameshindwa, na anayeusikia huacha jembe, huacha tonge mkononi, akaja mbio hata kama mpigaji ni adui yake. Penina hakuwahi kuupiga. Siku ya ile karatasi aliuma kanga kwa meno, sauti isitoke.

Sasa hasira ndiyo iliyomfungua koo.

"Hata Datius niliyemmwagia maji machafu, akisikia lazima aje! Wewe je? Wewe ni nani usiitike enduru?"

Akaipiga. Ndefu, kali, ya kupasua kifua. Akaipiga tena, akilia, akimpigia Mungu kama anayempigia jirani.

Hata pumzi hazijamrudia, vichwa vikachomoza kwenye majani. Datius mbele, wenzake watatu nyuma, na Buberwa akihema na machela yake.

"Nani anauawa?" Datius aliuliza.

"Mmefikaje upesi hivi?"

"Tulikuwa nyuma yako tangu kwako. Tumekaa mbali kwa kuuogopa mdomo wako."

"Mkaniacha nianguke!"

"Tulikuwa bado chini ya kilima, hatukukuona. Na ile mikono, iko wapi leo?"

"Datius, acha upuuzi, shika mti wa machela," Buberwa alisema.

Walimlaza mtoto, wakamfunika kwa majani ya mgomba waliyokuja nayo. Penina alishika mti wa machela, akasimama kwa mguu mmoja, akajaribu kwenda nao. Hatua mbili, akaning'inia kwenye mti, machela yote ikainama. Kemilembe akakohoa.

Datius hakufanya mzaha tena. "Tukienda nawe hatumfikishi. Tukimbie?"

Penina aliutazama uso wa mwanawe. Hakuwa amemwachia mtu yeyote hata kwa siku moja. Vidole havikutaka kufunguka. Alivifungua kimoja kimoja.

"Tangulieni. Kimbieni!"

Wakakimbia. Machela ikapanda kilima cha mwisho, ikazama upande wa pili. Penina akakaa kwenye majani yaliyolowa, mikono mitupu mapajani. Buberwa aliyebaki naye akavua kofia, akakohoa kidogo.

"Ee Mungu mwenye rehema, wewe usiyekosea..."

"Nyamaza, Mwalimu," Penina alisema. "Huyo naongea naye mwenyewe."

Akainua uso kwenye mvua.

"Bado nimekukasirikia. Sitakudanganya. Lakini mimi nimeshindwa, na Wewe nimekupigia enduru. Mshike mtoto."