Safu Tatu za Watoto

Du, du, du. Mlio uliingia dirishani kabla karani wa kumbukumbu hajainua kichwa. Ungedhani fundi anapigilia misumari. Alipochungulia, hakuona fundi wala nyundo. Msichana wa miaka sita alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki, akilipiga kwa visigino. Mama yake alikuwa pembeni, kichanga mgongoni, wadogo wengine wawili wakimng'ang'ania gauni.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba, baba. Nimefuata karatasi ya chanjo ya huyu mpiga ngoma. Uandikishaji wa shule unafungwa leo. Bila karatasi, mpaka mwakani."

"Dakika moja tu," karani alijibu, kifua mbele.

Kompyuta iliyokuwa mezani pake ndiyo ilikuwa fahari yake. Alijifunza mwenyewe, bila mwalimu, na jedwali la kliniki alilipanga kwa akili yake: kila mama mstari mmoja, na kwenye mstari huo safu tatu, Mtoto wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu. Wauguzi walimbandika jina la Mhandisi kwa kumtania. Yeye aliitika bila kucheka.

Akaandika jina la mama. Wakatokea watoto watatu. Msichana hakuwemo.

Akakumbuka. Miezi miwili nyuma, kichanga kilipoletwa, safu zote zilikuwa zimejaa, naye akapata njia ya mkato: akamfuta wa kwanza, maana alishamaliza chanjo, akamweka mdogo mahali pake. Siku ile alijiona mjanja kuliko wote.

"Kadi yake ya nyumbani unayo, mama?"

"Niliifua mfukoni mwa gauni. Ikatoka uji. Kwani vipi?"

Angeweza kuisingizia mashine. Ulimi ulimwasha afanye hivyo. "Nimemfuta," alisema. "Nafasi zilikuwa tatu, nikamtoa yeye."

"Umemfuta mwanangu?" Mama aliweka mkono kiunoni. "Mie nilihangaika naye siku mbili leba, wewe ukamwondoa kwa kidole kimoja?"

Muuguzi mkuu alisikia kutoka chumba cha sindano. Akaja, miwani imemshuka puani.

"Mhandisi! Si wewe uliyeniambia daftari langu nikawashie moto?"

"Ni mimi, Sista."

"Basi nilikuitikia tu ili unyamaze, sikulichoma." Akafungua kabati, akatoa daftari nene lililochanika jalada. Humo, kwa wino wa bluu, zilikuwemo chanjo zote za msichana, tarehe moja baada ya nyingine. Robo saa haikupita, karatasi ikaandikwa, ikagongwa muhuri.

Karani alitaka kumbusu mkono. "Ahsante, Sista. Umeniokoa."

"Kanishukuru kwa kulirekebisha hilo dude lako."

"Nitaongeza safu. Nitaweka kumi!"

"Na mwenye mtoto mmoja? Tisa zikae tupu? Na wa kumi na moja akija, utamfuta nani?"

Karani akageukia skrini, akazihesabu tena safu zake.

Mama, amani imemrudia, alikuwa akiwavalisha wadogo masweta. Aligeuza kola moja, akatazama ndani, akageuza nyingine. Kila moja ilishonwa kifungo chekundu upande wa ndani.

"Vifungo vya nini hivyo?" karani aliuliza.

"Kwetu wapangaji ni wengi, kamba ya kuanikia ni moja. Chekundu ni changu, cha kijani cha jirani. Nguo mpya ikija, nashona kifungo, basi."

"Na orodha ya nguo unaiweka wapi?"

"Orodha ya nini, baba? Nguo yenyewe inasema ni ya nani."

Karani alisimama, kiti nusura kianguke. Akavuta karatasi, akachora majedwali mawili. La kwanza la akina mama: namba, jina, simu. La pili la watoto: kila mtoto mstari wake mwenyewe, jina, tarehe ya kuzaliwa, na mwishoni namba ya mama yake.

"Mama habebi tena majina ya watoto," alisema, akigonga meza. "Mtoto ndiye anabeba namba ya mama! Awe mmoja, wawe kumi na watano, kila mmoja ana mstari wake!"

"Kumi na watano wa nani?" mama akaruka. "Usinitabirie!"

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Karani naye akacheka, kisha akatulia, macho kwenye daftari. Msichana huyu hakuwa peke yake. Alikuwa amewafuta wengine pia, wala hakukumbuka ni wangapi. Akamgeukia mama.

"Mama, umenifundisha bila kunidai hata pole. Nakuahidi, Sista akiwa shahidi: nitalipitia daftari hili ukurasa kwa ukurasa, na kila mtoto niliyemfuta nitamrudisha kwa mama yake. Nikianza na wako, sasa hivi, kabla hujatoka mlangoni."