Swali Aliloulizwa Frida

Tangu amalize kidato cha nne, Frida alifanya kazi kwenye karakana ya useremala ya baba yake, Mazengo, pale Kizota. Milango mingi iliyotoka humo ilikuwa kazi ya mikono yake. Wateja walimsifu Mazengo, naye Mazengo alizipokea sifa. Frida hakujali sana. Hakuwa na kaka, na macho ya baba yake yalishaanza kufifia. Aliamini karakana itakuja kuwa yake.

Kisha akaletwa Castory kutoka Kibakwe, mtoto wa mdogo wake Mazengo, kijana mwenye adabu aliyewahi kutengeneza vitanda huko kwao. Mazengo akatangaza kwamba anamwachia karakana, ila kwanza atamjaribu mbele ya mafundi wenzake, watu wasije wakasema kampa kwa undugu tu.

Siku hiyo mafundi wa jirani walikaa juu ya magogo, Mazengo akaanza kuuliza. Kwa nini mbao zikipangwa huwekewa vijiti katikati? Castory akasema ni kwa ajili ya mchwa. Mazengo akatabasamu, akamweleza kuwa ni upepo upite, mbao zikauke sawasawa. Randa ikianza kunyofoa nyuzi za mbao, utafanyaje? Castory akajibu kwamba atainoa. Si vibaya, Mazengo akasema, ila ageuze mbao kwanza, maana pengine anaranda kinyume cha nyuzi zake. Alipoulizwa fremu ya mlango inaungwa kwa njia gani, akasema kwa misumari, wala hakutaja ulimi na tundu. Mafundi wawili wakakohoa.

"Utajifunza," Mazengo akamwambia, akamshika bega.

Frida alikuwa amesimama mlangoni, msasa mkononi. Kila jibu alikuwa nalo mdomoni. Hasira zilimpanda.

"Baba, niulize na mimi."

Mazengo hakutaka, lakini mbele za watu alishindwa kukataa. Akamuuliza: mbao ikikauka, kingo zake hujikunja kuelekea upande gani, wa gome au wa moyo wa mti?

Frida alilijua hilo. Kila alipounga meza alilizingatia. Lakini hasira zilimtangulia.

"Wa moyo," akasema, na hapohapo akajua amekosea.

Mazengo akawageukia wenzake. "Mmesikia wenyewe. Na huyu ndiye anataka karakana."

"Castory amekosa yote matatu." Frida akasogea mbele. "Yeye atajifunza. Mimi je?"

"Wewe utaolewa."

Castory aliinamisha kichwa. Frida akaingia ndani, akakusanya randa, patasi na misumeno aliyoinunua mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

Alipanga kibaraza Nzuguni, akaanza na stuli na meza ndogo. Mama yake, Raheli, alimfuata akimsihi arudi amwombe baba yake msamaha. Frida akamuuliza msamaha wa kosa gani. Raheli akarudi Kizota peke yake.

Kiangazi kilipofika, milango iliyotoka karakana ya Kizota ilikauka, ikapinda na kukataa kufungika, kwa kuwa Castory alitumia mbao mbichi. Wateja wakarudi wakigomba. Ndipo Mazengo akaja mwenyewe Nzuguni. Frida alimwamkia, akampa stuli. Mzee akasema arudi nyumbani, amsaidie Castory.

"Karakana ni ya nani?" Frida akauliza.

"Nimeshampa. Neno langu silirudishi."

"Basi mlete huku nimfundishe. Huko sirudi kuwa msaidizi."

Mazengo alisimama, akaenda zake akinung'unika.

Castory alikuja kweli, akamwita dada, akaomba afundishwe. Frida alimfundisha vizuri, hakumficha kitu, na hakumchekea hata mara moja. Kila alipoleta salamu za Mazengo, Frida hakuzijibu; alimwambia ashike msumeno, waendelee na kazi.