Atakayerukwa Atajwe

Mie naitwa Subira, na aliyenipa jina hili alikosea mlango. Hasira zangu ziko karibu. Ningekuwa mtu wa kungoja zipoe, ningengoja kabla ya kuwasimulia haya, lakini Idi imekwenda na nyingine imerudi na bado zachemka vile vile. Basi wacha niseme.

Mimi na Mbarak tulitunga lugha. Si lugha ya watu kusemezana, ni lugha ya kuiamuru kompyuta, kwa maneno ambayo mtoto wa Gazi au wa Diani hahitaji kutafsiriwa. Mbarak ni mtoto wa baba yangu mdogo. Alilelewa nusu kwao, nusu jikoni kwa mamangu hapo Msambweni, na mpaka leo akila samaki wa kupaka husema hajaona mkono kama wa mama mkubwa. Tulikodi chumba Ukunda, juu ya duka la simu, na lugha yetu tukaiita Ungo.

Ungo ina sharti moja kubwa: kilichokwisha kutajwa hakibadiliki. Ukisema kapu hili lina maembe, basi lina maembe hayo hayo mpaka kiama. Ukitaka kapu jingine, suka jingine. Lugha nyingi humtuma mtu nyumba kwa nyumba, na kila akitoka mlango mmoja huongeza hesabu mkononi mwake. Kwetu hakuna mkono wa kuongeza. Ilibidi tuwe na neno la kusema unataka nini kwa kila kitu, kisha upewe kundi jipya, na la kwanza libaki lilivyo. Neno hilo likawa "kila", na neno hilo ndilo lililotugombanisha.

Mkipewa mfano mtaelewa upesi. Andika hivi: kila (baba, watu) katika mtaa, toa fungu. Maana yake, itazame kila nyumba ya mtaa, ujue baba ni nani na watu ni wangapi, kisha uitolee fungu lake. Vizuri. Sasa ikitokea nyumba haina baba? Haifanani na umbo ulilotaja, lile la (baba, watu). Mashine ifanye nini?

Mbarak alisema ipite kimya. Alitaka mstari mfupi na msafi, usiomtisha mwanafunzi kwa makelele ya makosa. Nikimbana sana husema, "Funika kombe mwanaharamu apite, dada." Mie nikasema hapana, isimame, ipige kelele, iseme nyumba hii sikuielewa. Na anayetaka kuiruka nyumba aandike mwenyewe neno "ruka" na aitaje anayoiruka, ili kesho asije akasema hakujua. Atakayerukwa atajwe. Tulibishana mpaka mwenye duka la simu akatugongea dari kwa ufagio. Mwisho sikushindwa kwa hoja. Mbarak alishaijenga ya kwake na kuionyesha kwa wageni katika mkutano wa hoteli moja Diani, wakampigia makofi, na akarudi akaniambia mambo yamekwisha.

Sasa nimweleze mamangu, Bi Mbeyu. Yeye ni mzaliwa wa Mkongani, aliolewa Msambweni akiwa kigori. Babangu alimpa talaka mimi nikiwa darasa la pili, akenda akaoa upande wa Lungalunga na hakutazama nyuma. Mama akabaki katika nyumba ile ile, kwenye kiwanja cha kina babangu, kwa sababu ya watoto. Hakuna aliyemwambia ondoka. Lakini hakuna pia aliyemwambia kaa, na mwanamke akikaa hivyo huishi akitega sikio.

Kitu kimoja tu kilimtuliza. Kila Idi ya kuchinja, nyama ya udhia ikigawanywa, alikuja mtu na beseni mlangoni pake akapiga hodi, akasema, "Bi Mbeyu, fungu lako." Mama hakuwa na njaa ya nyama, jamani. Nyama ya kununua aliipata. Alikuwa akiniambia, madhali wananiletea fungu, mimi ni wa mtaa huu, na siku wasiponiletea nitajua nimeambiwa nini.

Vijana wa msikiti ndio wagawaji, na mkubwa wao ni Jaafar, kijana mpole, mtu wa watu. Kila mwaka walilaumiwa: nyumba hii imepata mara mbili, ile imepata mifupa mitupu. Mbarak akajitokeza kifua mbele. Akasema Ungo itagawa kwa haki, na watu waone kazi ya mikono yetu. Jaafar na wenzake wakapita nyumba zote, wakaandika jina la nyumba, jina la baba na idadi ya watu. Kwa wajane waliandika jina la marehemu. Walipofika kwa mamangu wakashikwa na haya. Kuliandika jina la mwanamume aliyemwacha, waliona ni kumtonesha donda. Kuliandika lake mahali pa baba, waliona ni kumsimanga kuwa hana mume. Basi, kwa adabu zao, pale pa baba wakapaacha patupu.

Siku ya Idi nilifika Msambweni baada ya Alasiri. Nilipita mlango wa nyuma, nikamkuta mama jikoni anakaanga vitunguu. Vitunguu peke yake. Thomu imetwangwa, bizari iko tayari, mchele umelowekwa tangu asubuhi umevimba, na sufuria ya nyama imefunikwa haina kitu. Mkaa ulikuwa umegeuka jivu, akawa anauchochea upya. Nikauliza nyama iko wapi.

Kabla hajajibu, Hasina, jirani yetu mjane, akaita kutoka upande wa pili wa ua kuuliza kama nyama ya Bi Mbeyu imeshaiva, maana harufu imemfikia. Mama akamjibu kwa sauti ya furaha kwamba iko motoni. Kisha akaongeza vitunguu vingine kwenye mafuta ili harufu izidi. Hapo nikaelewa alikuwa akivikaanga tangu saa ngapi. Nililia palepale jikoni, na sioni haya kusema.

Nikamwendea Jaafar mbio. Maskini, alishtuka kuliko mimi. Akaapa kwamba nyumba ya mama aliiandika kwa mkono wake, akanionyesha, na kweli ipo: watu, mmoja, baba, patupu. Akasema mashine haikulalamika hata kidogo, kwa hiyo walijua wote wamepata. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Niliijua kanuni ile, nilikuwa nimeigombania mwaka mzima.

Mbarak nilimkuta barazani kwao ameshiba. Nilipomwambia, uso ulimbadilika, nampa haki yake. Akainuka achukue katika nyama yao ampelekee. Lakini nilipomtaka aibadilishe kanuni, akaanza kunifundisha. Lugha haikukosea, akasema, imefanya ilivyoagizwa, kosa ni la waliojaza. Masomo yameshaandikwa kwa kanuni ile, na walimu wameizoea. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nyumba moja ni sababu ya kuharibu mstari mzuri.

Nikamwambia, "Wewe si ndiye ulisema funika kombe mwanaharamu apite? Basi mwanaharamu aliyepita leo ni mama aliyekulisha."

Alikwenda na nyama kwa mama, nami nikamfuata. Akampa shikamoo, akaeleza, akaomba radhi, akasema si mtu aliyemsahau, ni mashine. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Ndipo akauliza.

"Mashine ni ya nani, Mbarak?"

"Ni yetu, mama mkubwa. Mimi na Subira."

"Haya. Mashine ni ya mtoto wa shemeji yangu, na katika mtaa mzima mtu mmoja tu imemsahau. Nimesikia, baba. Salimia kwenu."

Mngemwelezaje tena? Mie nilijaribu. Nilikaa naye siku nyingi nikimwambia kuhusu umbo na patupu, na kwamba hakuna aliyekaa akaamua. Alinisikiliza vizuri, si mjinga mamangu. Akasema labda ni kweli hakuna aliyeamua, lakini kutwa nzima watu wamepita na mabeseni mbele ya mlango wake, na hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza mbona huyu hana. Zamani mwenye beseni angeuona mlango. Na hilo ndilo nililokuwa nikimwambia Mbarak kule chumbani, juu ya duka la simu.

Kabla ya Maulidi alifunga virago akarudi Mkongani kwa kaka zake. Hakugombana na mtu. Kuku alimwachia Hasina, mlango akautia kufuli, ufunguo akanipa mimi. Kina baba mdogo walikuja kumsihi, wamechelewa kama kawaida ya watu wanaojiona wema. Aliwashukuru wote, akapanda gari.

Na ndipo Mbarak akaibadilisha kanuni. Sasa! Alikuja chumbani Ukunda macho mekundu, akakaa kwenye kiti chake, akaifumua "kila" yote na kuisuka upya vile nilivyotaka tangu mwanzo. Isipofanana na umbo, isimame na itaje jina. Atakaye kuruka, aandike "ruka". Alipomaliza akanisogezea kompyuta niijaribu. Nilijaribu, ikafanya kazi. Sikumwambia ahsante, na hakuingoja.

Idi hii iliyopita, asubuhi watu wametoka kuswali, Jaafar akanipigia simu. Nilikuwa Msambweni, nimelala katika nyumba ya mama peke yangu nipate kuipiga deki. Akaniomba nifike ua wa msikiti, mashine imesimama. Nikenda. Mabeseni yamepangwa, nyama imekatwa, vijana wamekunja mikono ya kanzu wanangoja. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja: nyumba ya Mbeyu, baba hakuna, watu hakuna, sikuielewa.

Walikuwa wamepita nyumba zote tena kuandika. Ya mama waliikuta na kufuli. Hakuna aliyethubutu kuiondoa, kwa adabu zile zile. Hawakutaka waambiwe wamemfuta Bi Mbeyu mara ya pili. Wakaiacha na jina lake, na watu hakuna. Jaafar aliniuliza kwa sauti ya chini tuifanyeje, maana nyama haiwezi kungoja na yeye hataki kuliandika neno "ruka" kwa mkono wake. Mbarak alikuwa amesimama nyuma, anatazama viatu vyake.

Nilitoka nje nikampigia mama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu. Nikamwambia fungu lake lipo, nitamletea mwenyewe mpaka Mkongani leo hii, aseme tu kwamba ni lake, niandike kuwa katika nyumba yumo mtu. Nilikuwa namwomba, si namwuliza.

Nikawasikia watoto wa kaka zake wakicheka nyuma.

"Huku wamenichinjia mbuzi, Subira," akasema. "Wape wenye mtaa wao."

Nikarudi ndani. Nilikaa kwenye ile kompyuta mbele ya watu wote na sikumwachia Mbarak, ingawa alinyoosha mkono. Nikaandika ruka, nikaandika Mbeyu. Mashine ikaendelea bila neno, na mafungu yakatoka mpaka la mwisho. Jaafar akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akasema alhamdulillahi, mwaka huu hakuna aliyesahauliwa.